Bustani ya Mboga Nyumbani Msimu wa Masika: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Katika ukanda wa pwani kuanzia Dar es Salaam hadi Tanga, katika visiwa vya Unguja na Pemba, na kuvuka mpaka hadi Mombasa, mvua za masika kwa kawaida huanza katikati ya Machi, hukolea Aprili na kupungua kuelekea mwisho wa Mei. Huu ndio wakati ambao wengi huamua kuanzisha bustani ya mboga nyumbani, kwa kuwa ardhi ni laini, maji hayanunuliwi na kila mbegu inayoanguka huonekana kuota. Uamuzi huo ni mzuri, ila anayeanza anapaswa kujua mapema kwamba tatizo kubwa la bustani ya masika si ukosefu wa maji bali wingi wake. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji juu ya kila mita mraba 1 ya ardhi; kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo si jambo la ajabu kwa siku moja ya Aprili, humwaga ndoo mbili za lita 20 juu ya kila mita mraba ya tuta lako. Maji hayo yasipopata njia huozesha mizizi, huzoa mbegu ndogo, huosha rutuba na kueneza magonjwa ya ukungu. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa, kuanzia kuchagua eneo hadi kuchuma, inalenga kuyapa maji hayo njia.

Mwongozo huu unamhusu mtu mwenye eneo dogo, tuseme mita mraba 10 hadi 20 nyuma ya nyumba, ambaye hajawahi kulima mboga. Wakazi wa Lindi na Mtwara, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, wanaweza kuzifuata hatua hizi kwa kusogeza kalenda.

Kuchagua eneo kabla ya mvua

Kazi ianze mwishoni mwa Februari, wakati ardhi bado ni kavu na mtu anaweza kuona vizuri anachofanya. Mboga nyingi zinahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku, na hitaji hilo ni kubwa zaidi wakati wa masika kwa sababu mawingu hupunguza mwanga na majani yasiyopigwa na jua hukaa na unyevu hadi mchana. Epuka kulima chini ya mwembe au mwarobaini, kwa kuwa mbali na kivuli, mizizi ya miti hiyo hushindana na mboga kwa chakula na maji. Angalia pia mahali maji ya paa yanapoangukia, kwa sababu nyumba nyingi za bati hazina mifereji ya paa, na mstari wa maji unaotoka kwenye bati huchimba udongo na kuacha mizizi wazi.

Jambo ambalo halina mjadala ni umbali kutoka kwenye shimo la choo na karo la maji machafu. Mashimo haya huweza kufurika masika, na mboga za majani huchumwa karibu sana na ardhi. Kwa hiyo zisipandwe upande ambao maji hayo yanaweza kutiririkia. Kwa sababu hiyo hiyo, mito ya mijini inayopokea taka, kama Msimbazi jijini Dar es Salaam, isiwe chanzo cha maji ya kumwagilia mboga wala kingo zake zisigeuzwe bustani ya familia.

Kabla ya kukata shauri, pima namna udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo lenye kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe, kisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakinywewa ndani ya saa chache, eneo linafaa. Yakiwa bado yapo asubuhi inayofuata, huo ni udongo wa mfinyanzi au eneo la bondeni, na utalazimika kuinua matuta zaidi ya kawaida au kutafuta mahali pengine. Sehemu kubwa ya udongo wa pwani ni kichanga, ambao hupitisha maji haraka lakini hauhifadhi rutuba, na huo nao una matunzo yake.

Samadi na udongo

Samadi inayofaa ni ile iliyoiva. Chukua kiganja kimoja ukitazame kwa karibu: iwe na rangi ya kahawia iliyokolea au nyeusi, ivunjike vidoleni kama udongo, isiwe na harufu kali, na ukiingiza mkono katikati ya lundo usisikie joto. Samadi mbichi huunguza mizizi, huleta mbegu za magugu na hubeba vimelea vya magonjwa ambavyo havipaswi kabisa kukutana na majani utakayokula. Samadi ya ng'ombe au mbuzi ikae kwenye lundo angalau miezi mitatu, tena ifunikwe ili mvua isiioshe. Ya kuku ni kali zaidi, kwa hiyo itumike nusu ya kiasi cha ile ya ng'ombe, na iwe imeiva vizuri zaidi.

Kiasi cha kuanzia ni ndoo moja ya lita 20 ya samadi ya ng'ombe kwa kila mita mraba 2. Imwage juu, kisha uichanganye na udongo kwa jembe au uma wa bustani hadi kina cha sentimita 15 hadi 20, huku ukitoa mawe, mizizi na vipande vya plastiki. Kama udongo wako ni kichanga, usiweke samadi yote kwa wakati mmoja: weka nusu sasa na nusu nyingine katika wiki ya nne, kwa sababu mvua za Aprili zitaosha sehemu kubwa ya rutuba uliyotanguliza kabla mizizi haijawa na uwezo wa kuitumia. Anayetaka kutengeneza mboji yake mwenyewe kwa mabaki ya jikoni na majani aanze sasa, lakini aitarajie kwa ajili ya vuli, kwa kuwa mboji huhitaji miezi miwili au mitatu kuiva.

Kuinua matuta

Hatua hii ndiyo inayoamua bustani itafika wapi, na ningependa anayeanza aipe muda kuliko hatua nyingine yoyote. Tuta la masika liwe la kuinuka, lenye upana wa mita 1 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, na kimo cha sentimita 25 hivi, yaani zaidi kidogo ya shubiri. Kwenye mfinyanzi liinue hadi sentimita 30 au zaidi. Urefu utategemea nafasi uliyo nayo, lakini kwa kuanza matuta mawili au matatu ya mita 3 yanatosha. Kati ya tuta na tuta acha njia ya sentimita 40 hadi 50, na njia hiyo uichimbe kidogo ili iwe mfereji. Udongo utakaotoka humo ndio utakaoinua tuta.

Pigilia vigingi kwenye pembe nne, funga kamba, kisha inua udongo ndani ya kamba. Kwenye mteremko, matuta yalale kukingama na mteremko, lakini yawe na mwelekeo mdogo sana upande mmoja ili maji yatoke polepole bila kukata udongo. Kwenye uwanja tambarare, unganisha njia zote na mfereji mmoja unaopeleka maji nje ya bustani, na hakikisha maji hayo hayaendi kwa jirani. Kingo za tuta zilale kidogo badala ya kusimama wima, na zipigwe kwa mgongo wa jembe ili zishikamane. Ukiwa na matofali, magogo ya mnazi au mianzi, zizungushie. Uso wa tuta uinuke kidogo katikati ili usiwe na mashimo ya kutuamisha maji. Kuanzia hapo, mguu wa mtu usikanyage tena juu ya tuta, kwa kuwa udongo ulioshindiliwa haupitishi maji wala hewa.

Baada ya hapo usipande. Subiri mvua mbili za mwanzo. Mvua ya kwanza ikipungua, toka nje na jembe wakati maji bado yanatiririka, kwa sababu hapo ndipo utaona mahali yanapotuama, mahali yanapovunja ukingo na mahali mfereji ulipoinuka kuliko unavyopaswa. Rekebisha papo hapo. Siku chache baadaye magugu yataota kwa wingi juu ya tuta. Yaparue juujuu kwa reki au jembe dogo bila kugeuza udongo wa chini, ili usiamshe mbegu nyingine za magugu zilizolala. Kazi hiyo ndogo itakuondolea sehemu kubwa ya palizi ya mwezi unaofuata.

Penye kuku wanaozurura, wigo ni lazima, kwa sababu udongo laini wenye samadi huwavutia na huweza kuchakuliwa wote kwa asubuhi moja. Nyavu au matete yenye kimo cha mita 1.5 yanatosha. Na kwa mwenye uwanja wa saruji tu, viroba, ndoo kuukuu na madebe hufaa kwa mchicha na matembele, mradi yatobolewe matundu ya kutosha chini na kuinuliwa juu ya vipande vya matofali.

Mazao ya kuanza nayo

Anayeanza masika ya kwanza pwani namshauri apande mazao matano: mchicha, matembele, kunde za majani, bamia na nyanya chungu. Yote yanapenda joto, yote hayana gharama kubwa, na hayakomai kwa wakati mmoja, hivyo jikoni hakutakosekana kitu. Nyanya zisubiri hadi mvua zikatike, kwa sababu unyevu wa Aprili huleta baka jani na mnyauko bakteria, nayo ni magonjwa yanayomkatisha tamaa hata mkulima mzoefu. Kabichi na karoti hufanya vizuri zaidi penye ubaridi, kama Lushoto, Arusha au Iringa. Mtu wa pwani asijilaumu kwa kuziacha.

Mbegu nunua kwenye duka la pembejeo linaloaminika, zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi na lebo ya Taasisi ya Kudhibiti Ubora wa Mbegu, yaani TOSCI, au ya KEPHIS kwa walioko Kenya. Kwa mchicha kuna aina ya Madiira, na kwa nyanya chungu kuna Tengeru White, zote zikiwa zimeidhinishwa Tanzania kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha. Matembele hayahitaji mbegu: omba vipando kwa jirani, lakini kataa marando yenye majani yaliyojikunja, yaliyodumaa au yenye mabaka ya njano, kwa kuwa hizo huwa ni dalili za virusi na vipando vyake vitabeba ugonjwa huo hadi kwako.

Kupanda

Mbegu ya mchicha ni ndogo sana. Gramu 1 huwa na mbegu zaidi ya 1,000, na ndiyo maana wengi huisia nene kupita kiasi. Changanya sehemu moja ya mbegu na sehemu kumi za mchanga mkavu, chora mistari yenye nafasi ya sentimita 20 na kina kisichozidi sentimita 1, kisha nyunyiza mchanganyiko huo kwa vidole taratibu. Funika kwa samadi laini iliyochekechwa, halafu tandaza nyasi kavu nyembamba juu yake ili matone makubwa ya mvua yasiifukue mbegu. Mchicha huota kati ya siku ya tatu na ya tano. Mara unapoona vichwa vyekundu au vya kijani vikichomoza, ondoa nyasi jioni hiyo hiyo, kwa sababu miche inayochelewa kupata mwanga hurefuka, hupauka na kulala.

Usipande tuta zima kwa siku moja. Ligawe sehemu tatu, upande sehemu ya kwanza baada ya mvua za mwanzo, ya pili siku 10 hadi 14 baadaye, na ya tatu baada ya muda kama huo. Utaratibu huu hutoa mboga kidogo kidogo kwa muda mrefu, na mvua kubwa ikiharibu kundi moja, mengine yatabaki.

Bamia ziloweke usiku mmoja, kisha panda mbegu 2 au 3 kwa kila shimo lenye kina cha sentimita 2, kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 40 kati ya mashimo. Kunde za majani zipandwe kwa nafasi ya sentimita 30 kwa 20, kina cha sentimita 3. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, hivyo tuta la kunde la msimu huu litafaa kwa mboga za majani msimu ujao. Kwa matembele, kata vipando vya sentimita 30 kutoka kwenye ncha za marando, fukia theluthi mbili ya kila kipando kikiwa kimelala upande, na acha sentimita 30 kati ya kimoja na kingine.

Nyanya chungu huanzia kitaluni. Kitalu cha nusu mita mraba kinatosha, kilichoinuliwa kama tuta na kuezekwa kwa makuti yanayoteremkia upande mmoja ili maji yasidondokee miche. Sia katikati ya Machi, na wiki tano hivi baadaye, miche ikiwa na majani halisi 4 hadi 6, ihamishe. Wiki ya mwisho punguza makuti siku hadi siku ili miche izoee jua. Hamisha jioni, mwagilia kitalu kwanza, ng'oa kila mche na udongo wake, kisha upande kwa kina kile kile uliokuwa nacho, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60. Miche mitano iliyotunzwa vizuri huitosha familia.

Maendeleo ya wiki kwa wiki

Fungua daftari na uandike tarehe ya kusia, tarehe ya kuota na kiasi cha mvua. Kipimo cha mvua ni rahisi: simamisha mahali pa wazi kopo lenye pande zilizonyooka, na kila asubuhi pima kwa rula kina cha maji kisha uyamwage. Daftari hilo litakueleza kwa nini kundi moja la mchicha limefanya vizuri na jingine limedumaa, jambo ambalo kumbukumbu peke yake haiwezi kulisema.

Wiki ya pili ndiyo yenye hatari kubwa kwa miche, kwa sababu ya ugonjwa wa kinyausi unaosababishwa na ukungu wa udongoni. Piga magoti uangalie mche ulioanguka: majani yake bado yatakuwa ya kijani, lakini pale shina linapokutana na udongo utaona limesinyaa, limekuwa la kahawia na jembamba kama uzi. Mche huo hauponi. Ng'oa ulioanguka na miche iliyo jirani, acha kumwagilia, fungua mfereji kama umeziba, na punguza msongamano ili hewa ipite. Unaporudia kusia sehemu hiyo, sia kwa nafasi zaidi, na usifunike mbegu kwa udongo mzito.

Wiki ya tatu mchicha hufikia kimo cha kupunguzwa. Ng'oa miche iliyobanana hadi ibaki nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kati ya mche na mche, na miche hiyo uliyoing'oa ndiyo mboga yako ya kwanza. Bamia nazo, zikifika sentimita 10 hadi 15, acha mche mmoja wenye nguvu kwa kila shimo, na ile mingine ikatwe kwa kisu badala ya kung'olewa ili mizizi ya unaobaki isitikisike.

Wiki ya nne na ya tano ni wakati wa kusoma rangi ya majani. Majani ya chini yakianza kuwa ya njano huku ya juu yakiwa na rangi nzuri, mmea una upungufu wa naitrojeni, jambo la kawaida baada ya mvua kubwa kwenye kichanga. Ongeza ile nusu ya samadi iliyobaki kati ya mistari, au weka mbolea ya CAN kiasi cha vizibo viwili vya soda, yaani gramu 10 hivi, kwa kila mita mraba, kwenye kijifereji kilicho umbali wa sentimita 5 kutoka kwenye mashina, kisha uifukie. Usiiweke siku ambayo wingu limekwisha kujifunga, kwa sababu itakwenda na maji. Lakini mmea mzima ukipauka na kunyauka wakati udongo umelowa chepechepe, hiyo si njaa: mizizi imekosa hewa, na mbolea haitausaidia. Hapo kazi ni kuzibua njia ya maji na kutifua uso wa tuta kwa uangalifu.

Palilia udongo ukiwa na unyevu kiasi, si siku ya tope, kwa kuwa magugu yaliyong'olewa na kuachwa juu ya udongo uliolowa hushika mizizi upya. Yatoe nje ya tuta. Ndago ni gugu la kushughulikiwa peke yake: ukiukata juu utarudi baada ya siku chache, kwa hiyo chimba hadi uvipate vijiazi vyake vyeusi na uvitoe vyote. Pia zipo siku za masika ambazo mvua hukatika. Zikipita siku tatu bila mvua, ingiza kidole hadi kina cha sentimita 5. Kama ni pakavu, mwagilia asubuhi kwenye udongo, si juu ya majani.

Wadudu na magonjwa ya msimu

Konokono na sota ndio wageni wa mapema. Konokono hula usiku, kwa hiyo toka na tochi saa mbili au tatu za usiku uwaokote kwenye kopo. Fanya hivyo kwa wiki nzima mfululizo na utaona tofauti. Majivu yanayozungushiwa mashina husaidia yakiwa makavu tu, na masika hayakai makavu. Sota hukata mche kwenye usawa wa ardhi. Fukua udongo kuzunguka mche uliokatwa, mara nyingi utamkuta kiwavi huyo amejikunja sentimita chache tu chini, umuue. Matandazo ya nyasi ni mazuri kwa kuzuia tope lisirukie majani, lakini masika yawe membamba na yakae mbali na shina, kwa kuwa ndiyo maficho ya konokono mchana.

Kwenye mchicha tazama upande wa chini wa majani. Vipele vyeupe kama malengelenge ni kutu nyeupe, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu. Chuma majani hayo, yafukie mbali na bustani na uongeze nafasi kati ya mimea. Majani yaliyotobolewa na kufungwa kwa nyuzi yana viwavi ndani, na kwenye bustani ndogo njia bora ni kuwatoa kwa mkono. Kwenye kunde na bamia, vidukari hukaa katika makundi kwenye ncha changa. Wasugue kwa vidole au kata ncha iliyovamiwa. Wakizidi, tumia mwarobaini: twanga gramu 50 za mbegu kavu zilizomenywa kwa kila lita 1 ya maji, loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo na unyunyize jioni ambayo haina dalili ya mvua. Rudia baada ya wiki moja au mvua ikiosha dawa.

Kuhusu viuatilifu vya dukani, msimamo wangu ni kwamba anayeanza na mboga za majani asivitumie. Kila kiuatilifu kina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mboga inayochumwa kila wiki haizipi siku hizo nafasi. Ikilazimu, atumie tu dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, afuate lebo neno kwa neno, na kwanza amwone afisa ugani wa kata, ambaye kazi yake ni pamoja na kumhudumia mkulima wa uwanja mdogo.

Kuchuma

Mchicha uko tayari kati ya wiki ya nne na ya sita. Kwa kundi la kwanza, kata kwa kisu kikali sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, ukiacha vifundo viwili au vitatu vyenye majani. Baada ya wiki mbili au tatu utakuwa umechipua matawi ya kuchumwa tena. Ukianza kutoa maua, majani hukakamaa, hivyo ng'oa na upande upya. Matembele huchumwa ncha za sentimita 15 kuanzia wiki ya tano hivi, bila kulinyang'anya rando moja majani yote. Kunde zichumwe majani machanga kuanzia wiki ya tatu au ya nne, majani yakiwa yamekauka umande, kwa sababu kupita katikati ya mimea iliyolowa husambaza magonjwa kutoka jani hadi jani.

Bamia huanza kutoa matunda kati ya siku ya 45 na ya 60, na kuanzia hapo hazisubiri. Chuma kila baada ya siku mbili, zikiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Vunja ncha ya tunda moja kwa kidole gumba: ikikatika kwa mlio, limefaa, ikipinda bila kukatika, limekomaa mno na nyuzi zake hazitaiva. Matunda yaliyokomaa pia yatolewe, kwa sababu mmea unaolea mbegu hupunguza kutoa maua. Vaa nguo ya mikono mirefu, kwani vinyweleo vya bamia huwasha. Nyanya chungu zichumwe mara moja kwa wiki kabla hazijageuka nyekundu. Mboga zote za majani zioshwe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kupikwa.

Mei, na zamu ya nyanya

Mwanzoni mwa Mei sia nyanya kitaluni, chini ya makuti, ili miche iwe tayari mwanzoni mwa Juni mvua zinapokatika na ubaridi wa kipupwe unapoanza. Aina za Tanya na Tengeru 97 hutoa mbegu ambazo mkulima anaweza kujiwekea mwenyewe, tofauti na chotara. Usizipande kwenye tuta lililokuwa na nyanya chungu, bilinganya au pilipili, kwa kuwa mimea hiyo ni ya jamii moja na hurithishana mnyauko bakteria na minyoo fundo kupitia udongo. Tuta la kunde ndilo linalozifaa zaidi. Panda kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, simika mti wa kuegemea siku hiyo hiyo ya kupanda ili usije ukakata mizizi baadaye, na tandaza nyasi nene, kwani sasa ni wakati wa kuhifadhi unyevu. Mwagilia kwa kiasi kile kile na kwa siku zilizopangwa, kwa sababu tuta linalokauka kabisa na kisha kuloweshwa ghafla huchangia matunda kuoza kitako. Kwa kalenda hii, nyanya za kwanza zitakuwa zinaiva mwezi Agosti, wakati ambapo nyanya chungu zilizosiwa Machi bado zinaendelea kuchumwa.